Kile Ambacho Mlaji Hakukiagiza: Kuisoma Sahani ya Jinja na Mbale

Sahani ya hoteli ndogo ya Jinja yafaa isomwe kuanzia upande ambao mlaji hakuuagiza. Mteja huketi, huulizwa atakula nini, naye hujibu kwa neno moja: maharage. Au karanga. Au samaki. Hataji ugali, hataji wali, hataji ndizi. Punde huletewa bakuli la maharage aliyoyataka, na kando yake sahani iliyosheheni vitu ambavyo hakuvitamka: matoke yaliyopondwa, kiazi kitamu, kipande cha muhogo, wali, posho (ugali wa mahindi), na siku nyingine boga au gimbi. Bei ni ya maharage. Hivyo vingine vyote, kwa usemi wa hoteli za Uganda, ndivyo "chakula", na chakula hufuata kitoweo.

Mgeni aliyezoea Dar es Salaam au Nairobi huona jambo limepinduka. Kwa mama ntilie wa Kariakoo mlaji hutaja jozi: wali maharage, ugali samaki. Kwenye kibanda cha Nairobi hutaja ugali sukuma, chapati dengu. Jozi hizo ni sentensi zilizotimia. Anayeagiza amejua kabla ya kukaa atapata nini, na mpishi kazi yake ni kutimiza. Jinja sentensi hiyo hukatwa nusu. Mlaji husema nusu yake, mpishi humalizia. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba nusu hiyo iliyoachiwa mpishi ndiyo mlango wa msimu katika sahani hii. Ndimo pia ukarimu wa mwenye hoteli unamokaa, na wala si katika tabasamu.

Tuanze na menyu, ambayo katika hoteli hizi haisomwi bali husikilizwa. Salamu hutangulia: Kodheyo kwa Wasoga wa Jinja, Mulembe kwa Wagisu wa Mbale, halafu ssebo au nyabo, yaani bwana au bibi. Hapo ndipo mhudumu huanza kuorodhesha vitoweo, na aghalabu orodha hushuka kutoka cha ghali hadi cha rahisi: kuku, samaki, nyama, karanga, maharage. Kila kimoja hupewa jina lake na pumzi yake. Mteja akiuliza, "Na chakula?", jibu ni neno moja tu: vyote. Sehemu ya kwanza ya menyu hii imefafanuliwa kimoja kimoja. Sehemu ya pili imekunjwa ndani ya neno lisilotaja kitu. Mhakiki wa fasihi simulizi angetambua mara moja kwamba pale msimulizi anapofupisha ndipo anapomwamini msikilizaji. Kila aliyekaa mezani anajua kwamba "vyote" ya Februari si "vyote" ya Julai.

Menyu ya mdomo ina sifa nyingine ambayo karatasi haiwezi kuiga: hupungua. Saa sita mchana orodha ni ndefu. Saa nane samaki ameisha, na mhudumu hamtaji tena, au humtaja kwa wakati uliopita. Saa tisa huenda zimebaki maharage na karanga tu, na "vyote" imekuwa posho na wali. Menyu hii ina saa ndani yake. Anayechelewa hupata toleo fupi, na hakuna anayeona kwamba ameonewa, kwa sababu hakuna aliyeahidiwa kitu ambacho hakikuwa jikoni.

Sasa sahani yenyewe. Mashariki mwa Uganda mvua huja mara mbili, Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba hadi Novemba au karibu na Desemba. Maharage yaliyopandwa Machi huvunwa Juni. Kwa majuma machache jina "maharage" hubaki lile lile ilhali kilichomo bakulini kimebadilika kabisa: punje ni mbichi, zimetolewa ganda siku hiyo hiyo, ngozi yake ni laini, mchuzi ni mzito bila kuongezwa kitu. Mwenye hoteli hasemi. Hakuna tangazo la maharage mapya. Mlaji huyatambua mdomoni. Kando yake kiazi kitamu, chakula kikuu cha Wasoga, hufika kikiwa kimepikwa kwa mvuke, kikavu ndani na chenye utamu usiohitaji msaada. Februari, jua linapokuwa kali, sahani hujikunja. Posho na wali huchukua nafasi kubwa, kiazi huwa kidogo au hakipo, boga limetoweka.

Posho inastahili neno la ziada, maana ndiyo isiyobadilika. Hupikwa kwa unga uliowekwa ghalani, kwa hiyo haina mwezi. Waganda wengi waliila kila siku shuleni, wakaondoka wakidhani wameachana nayo. Katika sahani hii posho hufanya kazi ya kiitikio: hurudi vile vile kila mara, na kwa kuwa inarudi vile vile ndipo tunaposikia beti zilivyobadilika. Ukiiondoa kwa kuona ni ya kimaskini, boga la Juni halina tena kitu cha kupimwa nacho.

Angalia pia jinsi vitu vinavyotenganishwa. Sahani ni kavu, bakuli ni la majimaji, na mara nyingi vinaletwa mbali mbali. Mpishi hachanganyi. Mlaji ndiye anayeamua kama atachovya tonge, kama atamwagia wali kwanza na kuacha matoke yangoje, kama kiazi kitaliwa kikavu mwishoni. Kama mlaji aliacha nusu ya sentensi kwa mpishi, hapa mpishi anamrudishia nusu ya upishi. Naona mabadilishano haya kuwa na adabu kuliko sahani ambazo mchuzi umeshachorwa juu yake kwa ustadi, mlaji akabakiwa na kuharibu mchoro tu.

Samaki wa Jinja ana msimu wake, nao hauongozwi na mvua peke yake. Mji umekaa pale Nile inapotoka ziwani, na kwenye mwalo wa Masese wavuvi huleta sato, sangara na dagaa, ambao hapo huitwa mukene. Mwaka 2017 jeshi la Uganda lilipewa kazi ya kusimamia uvuvi ziwani, na sangara wakubwa walikuwa mali ya viwanda vya minofu kwa miaka mingi kabla ya hapo. Kwa hiyo mhudumu anaposema "leo hakuna sato", sababu yaweza kuwa ya ziwa, ya doria au ya kiwanda. Menyu ya mdomo huzimeza zote kwa maneno matatu.

Mtaa wa Main Street, hapo hapo Jinja, una maandishi ya namna nyingine. Nyingi ya nyumba zake zenye varanda na nguzo zilijengwa na wafanyabiashara wenye asili ya India, ambao wengi wao walifukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, na leo baadhi yake ni mikahawa inayowangoja watalii wa maporomoko na wa chanzo cha Nile. Menyu zake zimechapwa na kupakwa plastiki. Nimekula vizuri humo na sina ugomvi na wapishi wake. Ugomvi wangu ni na umbo la maandishi. Menyu iliyochapwa hutaja kila kitu kwa wakati uliopo usio na mwisho. Haijui asubuhi wala alasiri, haijui Machi. Parachichi limo mwaka mzima, hata siku ambazo lililo jikoni ni gumu na chungu, kwa kuwa karatasi imeshalisema. Mpishi anakuwa mtumwa wa sentensi aliyoiandika mwaka juzi. Na pale ambapo kila kitu kimechaguliwa na mlaji, kuanzia mkate hadi mchuzi, mwenye nyumba hana tena mahali pa kumpa mgeni kitu kwa hiari yake.

Barabara ya kwenda Mbale hupita Iganga na Tirinyi, ikikatiza mabonde ya mpunga. Katika wilaya ya Butaleja mashamba ya Doho humwagiliwa na mto Manafwa, ambao hushuka kutoka Mlima Elgon, mlima ambao Wagisu huuita Masaba. Nautaja mto huo kwa sababu mlaji wa Mbale huweza kupewa, katika sahani moja, wali ulionyweshwa na maji ya mlima, matoke yaliyokulia kwenye miteremko yake, na bakuli la kitu kilichochumwa juu kabisa, kwenye ukanda wa mianzi. Kitu hicho ni malewa.

Malewa ni machipukizi ya mwanzi wa mlimani. Hutokeza ardhini wakati wa mvua, kwenye ukanda ulio juu ya takriban mita 2,400. Sehemu kubwa ya mianzi hiyo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyotangazwa mwaka 1993, na wanavijiji wa pembeni huingia kuchuma kwa makubaliano na wasimamizi wa hifadhi. Machipukizi hayo hukaushwa kwa moshi mpaka yawe ya kahawia na magumu, ndipo yakateremshwa mjini na kuuzwa sokoni. Jikoni safari inaanza upya: kuloweka, kuchemsha, kukatakata, kuchemsha tena mpaka ugumu na uchungu viishe, kisha rojo ya karanga zilizopondwa humiminwa na kuachwa ichemke polepole. Wageni kutoka Kampala huyabeba kurudi nayo.

Hapa hoja yangu hupata mtihani. Nimesema msimu huingia kupitia chakula kisichoagizwa, lakini malewa ni kitoweo; hutajwa kwa jina na hulipiwa. Je, si msimu ulioagizwa? Nikiyasoma kwa karibu naona tofauti. Maharage mabichi ya Juni husema sasa. Malewa husema zamani. Mvua iliyoyaotesha imepita; moshi umeifungia ndani. Karanga nazo zilivunwa wakati wake, mbali na ukanda wa mianzi. Bakuli moja limeunganisha nyakati zisizokutana shambani, na ladha yake inaonyesha mshono: kwanza moshi, halafu utamu wa mafuta ya karanga, halafu mwanzi wenyewe, ambao hauna ladha kubwa bali una ukinzani, kitu cha kutafunwa. Ukiyala Januari kavu unakula mvua iliyohifadhiwa. Ndiyo maana yanafaa kuagizwa kwa jina: ni kitoweo ambacho mpishi anaweza kukiahidi bila kutazama mbingu.

Na sahani iliyo kando ya malewa hubaki ile ile ya kutoagizwa, ikisema sasa. Mbale huiandika kwa herufi zake. Matoke ndiyo yanayotangulia, maana migomba imefunika miteremko ya Bugisu. Kutoka eneo la Teso, kwa barabara ya Kumi, huja ulezi na muhogo, ambao huunganishwa kuwa kalo, ugali mweusi unaonata kidogo. Mvua za mwanzo zikipiga, kumbikumbi huruka, na sokoni huuzwa kwa kikombe, wabichi au waliokaangwa. Yote haya hufika mezani au mlangoni pa hoteli bila kuandikwa popote. Bakuli husimulia yaliyopita na sahani husimulia leo. Mlaji huvichanganya kwa mkono wake. Sijaona mpangilio wa chakula cha kawaida, mahali pengine Afrika Mashariki, unaotumia nyakati mbili kwa uwazi namna hii, na ninasikitika kwamba wanaoandika juu ya vyakula vya Uganda huyataja malewa peke yake, kama kioja cha mlimani, wakaisahau sahani inayoyakamilisha.

Ukarimu nao una mpangilio, na unaweza kusomwa hivyo hivyo. Kabla ya kula, mhudumu huja na birika na beseni. Hunawisha mgeni mikono, maji yakimwagwa taratibu. Katika Busoga mwanamke aliyelelewa kwa desturi hupiga magoti anaposalimu au kunawisha, na hotelini bado utaliona hilo. Sitaki kulipamba. Binti anayepiga magoti mara mia kutwa kwenye sakafu ya saruji anachoka, na mwenye hoteli aliyemruhusu kuinama tu hajapunguza heshima ya nyumba yake hata chembe. Heshima iko kwenye mfuatano: salamu kabla ya swali, maji kabla ya chakula, chakula kabla ya hesabu.

Ikiwa mchuzi umekwisha na tonge zimebaki, mlaji huinua bakuli na kuomba nyongeza. Hupewa. Ni mchuzi mtupu, bila nyama wala punje nyingi, na haulipiwi. Kwa mpangilio wa mlo huu nyongeza ni jambo la maana sana, kwa kuwa inagusa upande ule ambao ulikuwa na bei. Chakula kilikuwa cha hiari ya mpishi tangu mwanzo. Sasa hata kitoweo, kilichopimwa na kuuzwa, kinafunguka ukingoni na kuruhusu kidogo kisichohesabiwa. Hoteli inayokataa nyongeza bado inaweza kupika vizuri, lakini imeubadilisha mlo kuwa bidhaa dakika ya mwisho.

Mwisho mlaji humwambia mpishi, kwa Kiganda kinachotumika miji yote miwili, "Ofumbye nnyo", yaani umepika sana. Naye hujibu, "Webale kulya": ahsante kwa kula. Maneno haya ni ya nyumbani, ya mgeni na mwenyeji, na yamehamia hotelini bila kupunguzwa ingawa hapa kuna malipo. Aliyelipwa anashukuru kwamba kililiwa. Bei hutajwa baada ya hapo, nayo hutajwa kwa kitoweo tu: malewa moja, maharage mawili.