Kikaragosi na Nafsi ya Mchezeshaji

Kikaragosi hakina damu wala pumzi. Tabia yake yote hutoka kwa mtu aliyejificha chini yake. Katika vikaragosi vya Jim Henson wa Marekani jambo hili lilizidi kadiri ya kawaida, maana wahusika kadha walijengwa juu ya hulka za wachezeshaji wao wenyewe. Basi yafaa kuuliza: mhusika aliyeazimwa nafsi ya mtu mmoja, aweza kuishi mtu huyo afapo?

Kermit alitengenezwa na Henson mwaka 1955 kwa koti kuukuu la mama yake na nusu mbili za mpira wa tenisi ya meza. Uchura ulimjia baadaye. Katika The Muppet Show, mchezo wa televisheni ulioonyeshwa tangu mwaka 1976 hata 1981, yeye ni msimamizi wa jumba la michezo, mpole, mwenye kuhangaika kuwatuliza wenziwe wenye vituko ili onyesho liendelee. Kazi ya Henson katika kampuni yake haikuwa mbali na hiyo. Walakini chura hakuwa picha tupu ya bwana wake. Aliweza kutamka maneno ambayo Henson, kama alivyokiri mwenyewe, aliyazuia kinywani.

Mfano ulio bora zaidi ni Gonzo. Umbo lake la kwanza lilikuwa na macho yaliyolegea kwa huzuni, na Dave Goelz, mchezeshaji wake, alikuwa mgeni katika kazi, mwenye shaka juu ya uwezo wake. Katika mfululizo wa pili Gonzo alipata macho yawezayo kufumbuka kwa furaha. Na kadiri Goelz alivyojiamini, ndivyo mhusika alivyozidi ushupavu, hata akawa mtu wa kurushwa kwa mzinga bila hofu. Mtu alikua, na kikaragosi kikakua pamoja naye.

Henson alifariki mwaka 1990. Kermit akashikwa na Steve Whitmire, na tangu mwaka 2017 na Matt Vogel. Ugumu wa urithi huu hauko katika sauti, kwani sauti huigizika. Watazamaji hudai chura yule yule waliyemzoea, na dai lao ni la haki. Lakini Kermit wa kwanza hakuwa akimfuatisha mtu aliyekwisha kufa. Alikuwa akipokea kila siku uchovu, mzaha na subira ya mtu aliye hai. Mrithi asiyethubutu kutia chochote chake huhifadhi mwenendo wa chura na kupoteza chemchemi yake. Gonzo ashuhudia kwamba wahusika wa namna hii huishi kwa kubadilika. Kwa hiyo mhakiki asimpime mrithi kwa ufanani peke yake. Amwulize pia ametoa nini cha nafsi yake.