Kufumua Mshono

Kovu la mguuni hata watoto hulionyeshana. Kovu la moyo, moyo huu wa nyama, hakuna anayeliona, nalo ndilo linalomkatisha mtu pumzi akipanda ngazi. Mshipa unaoulisha msuli wa moyo ukiziba, seli zilizokuwa zikidunda hufa kwa mamilioni, na pengo lake huzibwa na nyuzi ngumu zisizojua kudunda. Ngozi ikikatika huota tena. Moyo hauoti, au tuseme huota kwa uchoyo: kijana wa miaka 25 hubadilisha takriban seli moja ya msuli huo katika kila mia kwa mwaka, na uzeeni hata nusu yake haifiki.

Wapo mafundi waliokataa kuliachia kovu hilo neno la mwisho. Ninayemheshimu kuliko wote ni Philippe Menasché, daktari wa upasuaji wa moyo jijini Paris. Kijipande cha msuli kilikatwa kwenye paja la mzee wa miaka 72, kikaoteshwa maabara kwa majuma kadhaa hadi seli zikafika milioni 800. Juni 2000, kifua kikiwa wazi kwa ajili ya kuupa moyo njia mpya ya damu, Menasché akazidunga seli hizo kovuni, sindano baada ya sindano. Paja likaukopesha moyo.

Mzee akapata nafuu. Lakini nafuu ile ilikuwa ya seli, au ya njia mpya ya damu? Wengi wangeshangilia na kuendelea. Menasché aliongoza jaribio la wagonjwa 97, wote wakakatwa paja, ila baadhi yao wakadungwa maji yasiyo na seli. Mwaka 2008 akachapisha matokeo kwa jina lake: mioyo iliyopewa seli haikusukuma damu vizuri kuliko mingine. Seli ya paja hubaki ya paja. Haina vile vilango ambavyo seli za moyo hupitishiana umeme, basi ni kama mpiga ngoma asiyewasikia wenzake. Fundi cherehani mimi humpima hapo, anapofumua mshono wake mwenyewe mbele ya mteja.

Sindano nayo ilikuwa na kasoro: seli zikidungwa hutawanyika, na nyingi hufa. Kwa hiyo mafundi wakahamia kwenye viraka. Hapa lazima niisifu sahani ya Teruo Okano wa Tokyo, maana sijui chombo cha maabara kizuri kuliko hiki. Kwa kawaida seli zilizoota sahanini hubanduliwa kwa kimeng'enya kinachokata mashiko yake, sawa na kuichana nguo ili uitoe kwenye cherehani. Okano aliipaka sahani yake utando unaobadilika kwa joto. Kwenye nyuzi 37 seli hushika na kuenea. Ipoe chini ya 32, utando hunywa maji, na seli zote huachia kwa pamoja zikiwa bado zimeshikana, zikaelea kama malai juu ya maziwa yaliyopoa. Hakuna kisu kilichopita. Januari 2020, huko Osaka, timu ya Yoshiki Sawa iliutandika juu ya moyo wa mgonjwa utando wa seli wa namna hiyo, uliooteshwa kutokana na seli za mtu mzima zilizorudishwa uchangani.

Menasché alikuwa ameshona kiraka chake mwaka 2014: seli changa za moyo, zilizotokana na kiinitete, ndani ya faibrini, protini ileile inayogandisha damu jerahani. Akakilaza juu ya kovu na kukifunika kwa kipande cha mfuko unaouzunguka moyo wa mgonjwa mwenyewe.

Seli zile hazidumu. Yeye mwenyewe ameona kwamba faida, ikiwapo, hutoka kwenye vijumbe zinavyotoa kabla ya kutoweka, wala si kwenye mapigo ya seli zenyewe. Sasa timu yake inavikusanya vijumbe hivyo ili viingie mwilini peke yake, bila seli hata moja. Amefumua tena.