Pointi 20 za moyo, na mtu wa kijijini



Kwetu Bwegera jirani mmoja alianguka katika shamba la mpunga, akafa pale pale. Matanga hayajaisha, watu wakasema: sumu. Mama mzee mmoja akatajwa, akahama. Kumbe yule jirani alikuwa amekwisha kuzimia mara mbili mbele. Sisemi ni moyo uliomuua. Nasema hakuna aliyeuliza.

Ndiyo maana nilisoma kwa hamu hesabu ya pointi ambayo Anis Rassi na wenzake wa Brazili walitoa mwaka 2006, kwa wagonjwa wa Chagas wenye moyo ulioharibika. Ugonjwa huo si wa huku kwetu. Unaletwa na kijidudu Trypanosoma cruzi, ndugu wa kile cha malale tunayoijua Kongo, na unaenezwa na mdudu anayejificha katika nyufa za nyumba za udongo. Mtu anaweza kukaa miaka 20 bila kusikia kitu, na moyo unajaa makovu polepole. Umeme wa moyo ukikuta kovu, unazunguka pale pale kama maji ya mfereji ulioziba. Moyo unapiga mbio bila kusukuma damu. Mtu anaanguka.

Rassi anahesabu vitu sita. Kuchoka kwa kazi ndogo tu ao hata mtu akipumzika: 5. Moyo mkubwa kwenye radio: 5. Ukuta wa moyo usiocheza vizuri kwenye ekografi: 3. Mbio fupi za moyo kwenye Holter, kifaa kinachofungwa kifuani saa 24: 3. Mawimbi mafupi kwenye elektrokardiogramu: 2. Kuwa mwanaume: 2. Mwenye pointi 0 mpaka 6, hatari ya kufa ndani ya miaka 10 ni 10%. 7 mpaka 11, ni 44%. 12 mpaka 20, ni 84%.

Kazi nzuri. Yeyote anayejua kujumlisha anaweza kuitumia, na inaonyesha nani wa kufuatwa kwanza.

Lakini nina mambo matatu. Moja, inahesabu kifo chochote. Haisemi kama ni mapigo yatakayoua ao moyo kuchoka, na matunzo yake hayafanani. Mbili, kuzimia hakumo katika zile sita, na ndicho kitu familia inachokiona bila mashine. Tatu, ilitengenezwa kwa wagonjwa 424 waliofika kwa wataalamu mjini Goiânia. Sisi wa kilimo tunajua: mbegu iliyofaulu kwenye kiwanja cha INERA Mulungu bado haijafaulu kwa mkulima wa Ruzizi.

Tena mwaka 2015 jaribio la benznidazole lilionyesha kwamba, moyo ukishaharibika, dawa inapunguza kijidudu katika damu bila kuzuia moyo kuendelea kuharibika. Basi hesabu inayoanza pale mashine ziko inamfikia mtu wa kijijini akiwa amechelewa.

Ingekuwa mimi, ningeanza na maswali yasiyoomba umeme: Umekwisha kuzimia? Moyo unakimbia bila sababu? Nani kwenu alikufa ghafla? Muuguzi wa santre anaweza kuuliza, na akisikia ndiyo, amtume mtu hospitali.

Na sisi tuliosoma, siku ya matanga, tuulize hayo mbele ya kutaja jina la mama wa mtu.