Nyuzi 12 Kando ya Barabara ya Wote

Fundi alianza kwa kunawa mikono. "Mwaitu, nisaidie maji kidogo," alimwambia mama, akanawa mpaka kwenye viwiko, kisha akakaa chini ya mwembe ulio karibu na lango letu bila kugusa chochote, mikono ameiweka magotini, akingoja ikauke kwa upepo. Mimi nilikuwa na haraka. Siku mbili tulikuwa hatuna intaneti, tangu lori lililopakiwa nyasi kupita kimo liliponasa kebo ya faiba ya kuelekea mji wa Wote na kuikata. Lakini nilipomwona mtu anayengoja mikono ikauke kabla ya kuanza kazi, nilivuta kigoda nikaketi. Niliketi pale kuanzia saa saba mchana mpaka jua likazama.

Kebo yenyewe ni nyeusi, nene kama kidole cha mwisho. Fundi aliimenya ganda akiizungusha chini ya kisu, akikwaruza tu bila kupenya. Ndani mna bomba jembamba lililojaa mafuta mazito ya kuzuia maji, na ndani ya mafuta hayo zimelala nyuzi 12: buluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, manjano, zambarau, waridi, na ya mwisho rangi ya maji ya bahari. Mpangilio huo haubadiliki. Buluu ni ya kwanza hapa na ni ya kwanza huko kebo inakoishia, na fundi huzitaja zote kwa mfuatano kama mtoto anavyotaja siku za juma. Alizipangusa moja moja mpaka zikaacha kuteleza.

Mama akasogea. Amesuka vyondo, vile vikapu vya mkonge, tangu utotoni, na mambo ya rangi yanamhusu. Akauliza kama rangi hizo zimeingia ndani ya uzi au zimepakwa juu. Fundi akamjibu kwamba zimepakwa juu tu. Uzi wenyewe hauna rangi, ni kioo kitupu. Mama akanyoosha kidole. "Hapana, mwaitu, usishike. Kipande kikikuingia hutakiona tena." Fundi alikuwa na chupa ndogo yenye kifuniko, na kila kipande alichokikata, hata kiwe kifupi kama punje ya mtama, alikiokota kwa kibanio akakitia humo.

Unene wa kioo hicho, baada ya kuvuliwa rangi, ni sehemu moja ya nane ya milimita. Na mwanga haupiti kwenye unene wote huo. Unapita katikati tu, katika kiini chenye upana wa sehemu 9 hivi kati ya 1,000 za milimita. Kuunga faiba maana yake ni kuvikutanisha viini viwili vya namna hiyo, ana kwa ana, visipishane. Chembe moja ya vumbi inatosha kuharibu. Sasa fikiria kazi hiyo ifanyike Makueni mwezi wa Septemba, mvua haijanyesha, kando ya barabara ambayo kila pikipiki ikipita inaacha wingu jekundu nyuma yake. Kila pikipiki iliposikika kwa mbali, fundi alifunika meza yake kwa kitambaa, akasubiri, vumbi likatua, akafunua. Sikumsikia akilalamika.

Kisha akaanza na ule wa buluu. Alivuta ngozi ya rangi kwa koleo lenye tundu dogo, kwa mvuto mmoja ulionyooka. Akaufuta uzi kwa kitambaa chenye spiriti, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka kioo kikalia kati ya vidole kama sahani iliyooshwa vizuri. Halafu akaulaza kwenye kifaa cha kukatia. Neno kukata lenyewe halitoshi hapa. Kioo hiki hukwaruzwa kwa ncha ya almasi au ya chuma kigumu sana, kisha hupindwa kidogo tu, nacho kinavunjika chenyewe kwa uso bapa, ulionyooka kama ukuta uliosimamishwa kwa timazi. Uso huo ukiinama zaidi ya digrii moja au mbili, kiungo hakitakuwa kizuri, na ni heri kuanza upya.

Ncha zote mbili zilipokuwa tayari, alizilaza ndani ya mashine ya kuungia, akashusha kifuniko. Kwenye skrini ndogo zikatokea zimekuzwa, mithili ya magogo mawili yanayotazamana. Zikasogeleana zenyewe, zikapanda, zikashuka, zikalingana. Cheche ikawaka kati ya sindano mbili za umeme, kioo kikayeyuka na kushikana, na ule mstari uliokuwa kati ya magogo ukatoweka. Sekunde chache tu. Akavuta juu ya kiungo kijimfuko chenye kipini cha chuma ndani yake, akakipasha joto nusu dakika kikanywea na kukibana.

Mama aliinama akatazama skrini kwa muda mrefu. "Hakuna fundo," akasema.

Ni neno la msusi. Uzi wa mkonge ukikaribia kwisha mkononi, msusi wa kiondo haufungi. Huzichambua ncha mbili, huzilaza pamoja juu ya paja, na kuzisokota kwa kiganja mpaka nyuzi za hii zimeingia ndani ya ile. Ukipitisha kidole gumba juu ya kiondo kilichosukwa vizuri hutajua uzi ulibadilishwa wapi. Tangu nikiwa mdogo nimemwona mama akipitisha gumba lake hivyo kwenye vyondo vya wenzake sokoni, na kununua au kutonunua kwa alichokisikia.

Nilipokuwa nikitazama, nilimkumbuka mtu mwingine ambaye mikono yake naipenda, naye ni wa kwenye televisheni. Hapa nitakiri upenzi wangu bila kuuficha: napenda michezo ya zamani ya safari za anga za juu, na ninaoupenda kuliko yote ni Star Trek, ule wa kwanza kabisa, ulioanza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Sikuuona utotoni. Utoto wetu wa televisheni ulikuwa wa betri ya gari iliyopelekwa sokoni kuchajiwa, na antena juu ya mti mrefu ambao mmoja wetu aliugeuza nje huku wengine wakipiga kelele kutoka ndani, "Hapohapo! Usiguse!" Star Trek niliukuta ukubwani, kupitia intaneti ya nyumbani, kwa kebo hiihii iliyolala chini ya mwembe.

Msikilizaji wa Kiswahili anao mlango wake mwenyewe wa kuuingilia mchezo huo. Afisa wa mawasiliano wa chombo kile, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, anaitwa Uhura, jina lililotokana na neno letu uhuru, na anaelezwa kuwa ni mwana wa Afrika. Kiswahili kinasikika tangu sehemu ya kwanza iliyorushwa hewani. Katika sehemu nyingine, iliyorushwa tarehe 29 Septemba 1967, mashine inamfutia kumbukumbu zote, na anapofundishwa upya kusoma Kiingereza, akikwama anaruka kwenye Kiswahili. Matamshi yana ugumu wake, lakini aliyebuni jambo hilo aliijua tabia ya binadamu: ukibanwa, unarudi kwenye lugha uliyolelewa nayo.

Hata hivyo sehemu ninayoirudia ni ya wiki moja kabla yake. Chombo kimenaswa, mawasiliano yamezibwa, na kwa mara moja tunamwona Uhura hayupo kwenye kiti akiwa na kile kisikizi sikioni. Yuko chini ya dawati lake, amefungua paneli, ameshika kifaa, anaunga saketi kwa mkono wake. Anaeleza kwamba kazi hiyo ni laini na kwamba akikosea anaweza kuharibu mfumo wote. Spock, afisa mwenzake ambaye hajui kupamba maneno, anamjibu kwamba hamjui mwingine anayeifaa zaidi. Tukio zima halifiki dakika moja. Kwangu hiyo ndiyo dakika bora ya mchezo wote. Wengine huisifu milango inayojifungua na watu wanaoyeyuka hapa na kutokea kule. Mimi nasema kosa kubwa la michezo ya namna hii ni kutuonyesha mawasiliano kama kitufe, mtu anabonyeza na sayari ya mbali inaitika, na aliyelala kifudifudi kuunganisha nyaya haonekani. Siku hiyo moja alionekana.

Mwaka uleule wa 1966, wakati waandishi wa televisheni wakibuni redio za kuvuka nyota, mhandisi Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alichapisha pamoja na mwenzake George Hockham makala iliyosema kwamba kioo kinaweza kubeba mazungumzo ya watu. Kioo cha wakati huo kilimeza mwanga ndani ya mita chache. Kao alisema tatizo ni uchafu ulio ndani yake, na kikisafishwa vya kutosha, mwanga utafika mbali. Lengo alilotaja ni kwamba baada ya kilomita moja ibaki sehemu moja kati ya 100. Siku hizi mwanga husafiri kilomita 15 hivi ndani ya faiba nzuri kabla ya nusu yake kupotea. Kao alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2009, mwaka uleule ambao kebo za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na mwanga ukaanza kupanda kuelekea Nairobi kwa njia ya Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali, miji yetu ya Makueni. Wengi waliona mitaro tu ikichimbwa na kufukiwa.

Uzi wa nne ulipokuwa ukipashwa joto, mazungumzo yalihamia kwenye pete ya Mukuku. Huwezi kutaja mambo ya anga Makueni bila mtu kuitaja. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijijini Mukuku, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likaeleza kuwa ni kipande cha roketi, kile kinachoachana na chombo baada ya kurushwa, ambacho kwa kawaida huungua kikirudi au huangukia baharini. Mama alisema anashukuru haikumwangukia mtu. Fundi alisema angependa kuiona ilivyoungwa, kama ni kwa kuchomelea au kwa boliti.

Upande wa Kitui ufundi wa kufikisha intaneti ni mwingine. Kaunti ile ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, ni kubwa kuliko nchi ya Rwanda, na kutandaza kioo mpaka kila boma la Mutomo au Ikutha ni kazi ya miaka mingi. Huko mafundi hupanda vilima wakiwa na masahani ya redio, wakielekeza hili kwa lile kama sisi tulivyogeuza antena, ila sasa anayepiga kelele "hapohapo" ni namba kwenye simu. Na tangu Julai 2023 zipo sahani za Starlink zinazotazama setilaiti zilizo mamia ya kilomita juu. Nazifurahia zote. Mwanafunzi wa Ikutha hahitaji kungoja nguzo.

Tulifika uzi wa 11, ule wa waridi, jua likiwa limeinama. Mashine ilitoa cheche, ikaonyesha namba: 0.18. Zilizotangulia zote zilikuwa 0.01 au 0.02. Mashine iliikubali, haikupiga kengele. Nilimwambia imekubali. Fundi aliitazama ile namba, akafungua kifuniko, akakikata kiungo.

Alinieleza huku akimenya upya. Namba ile ni desibeli, kipimo cha mwanga uliopotea kwenye kiungo. Kilomita nzima ya kioo kizuri hupoteza kama 0.2. "Kwa hiyo hapa ningekuwa nimeongeza karibu kilomita moja ya njia," akasema, "na sijasogea popote." Huko mbele uzi mmoja hugawanywa kwa nyumba 32, au hata 64, na kila kiungo kibovu kinachukua kidogo kutoka kwa zote. Nyumba ya mwisho kwenye foleni ndiyo taa yake huwaka nyekundu mvua ikinyesha, na hakuna atakayejua ni kwa nini. Alisafisha, akakata, akalaza. 0.06. Akakata tena. Pikipiki ikapita, akafunika, akangoja. 0.01.

Kisha alipiga simu kwa mwenzake aliyekuwa mjini na chombo cha kupimia. Chombo hicho hutuma mwanga ndani ya uzi na kusikiliza mwangwi wake, na kwa mwangwi huo husema kiungo kiko mita ngapi na kina hali gani. "Ya kwanza?" "Iko sawa." "Ya pili?" Waliitana hivyo mpaka 12, sauti za chini, bila neno la ziada. Walipofika ya 11 yule wa mjini alikawia kidogo, kisha akasema haoni hata kama kuna kiungo.

Ndipo akavilaza viungo kwenye trei, kila kimoja kwenye kijifereji chake, na kuzizungusha nyuzi zilizobaki kwa miduara mipana, maana kioo kikipindwa kwa kona kali humwaga mwanga. Aliacha karibu mita nzima ya kila uzi. Nikamuuliza ya nini yote hiyo.

"Ya atakayekuja," alisema. "Kila ukiunga unakula kidogo. Nikimbana, atashindwa kuanza."

Aliandika tarehe kwenye kifuniko kwa kalamu nzito, akafunga boksi, akapanda nguzo kulitundika. Nyumbani taa ya rauta ilikuwa kijani tayari. Mama akatoka jikoni na sahani ya muthokoi na jagi la maji, akamwambia aje anawe. Alinawa, na safari hii hakungoja mikono ikauke.