Kielder: Jinsi Njia ya Kilomita 42 Ilivyounganishwa Kuzunguka Bwawa

Mandhari peke yake haitengenezi njia ya baiskeli. Mabwawa yenye misitu mizuri ni mengi, lakini mengi hayazungukiki kwa baiskeli hata ukiwa na nguvu na nia. Kielder, huko Northumberland, kaskazini mashariki mwa Uingereza karibu na mpaka wa Uskoti, panazungukika. Njia iitwayo Lakeside Way inalizunguka bwawa zima kwa takriban kilomita 42, na msafiri mwenye baiskeli ya safari iliyobeba mizigo kwenye karia anaweza kuimaliza kwa siku moja.

Waliwezaje? Kwa maoni yangu, siri iko katika kuunganisha. Vipande vikubwa vya kazi vilikuwa vimekwisha kujengwa na watu waliokuwa na shughuli nyingine kabisa. Wabunifu wa njia waliviona, wakavipima, kisha wakaelekeza fedha na akili kwenye mapengo.

Barabara ya magogo, tuta la maji

Kipande cha kwanza ni msitu. Vita Kuu ya Kwanza iliiacha Uingereza na upungufu mkubwa wa mbao, na mwaka 1919 serikali ikaunda Forestry Commission ili kupanda miti. Upandaji ulianza Kielder mwaka 1926. Mti uliotawala ni Sitka, wa jamii ya misonobari, asili yake Amerika Kaskazini. Msitu wa mbao hauendeshwi bila barabara, na lori la magogo halipandi mlima mkali wala halikati kona ya ghafla. Kwa hiyo mhandisi wa msitu hutandika kokoto, hulaza mwinuko, huchimba mitaro na huweka makalavati maji yasile barabara. Karibu kila sharti linalomfaa dereva wa lori hilo linamfaa pia mwendesha baiskeli mwenye mzigo.

Kipande cha pili ni bwawa. Lilijengwa kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, na Malkia Elizabeth wa Pili akalifungua rasmi mwaka 1982. Linabeba lita bilioni 200, na hakuna ziwa lililotengenezwa na binadamu nchini Uingereza linalolizidi kwa ujazo. Lilikusudiwa hasa kuhudumia viwanda vya Teesside. Tuta lake la udongo lina urefu wa zaidi ya kilomita moja na kimo cha mita 52. Kwa mhandisi wa maji hilo ni kizuizi, lakini kwa mpanga njia ni daraja tambarare ambalo hakulilipia hata senti. Bila tuta hilo mzunguko usingefungika.

Kipande cha tatu ni reli. Treni za Border Counties zilipita bonde hili tangu karne ya 19, na huduma ya abiria ikafungwa mwaka 1956. Bwawa lilipojaa, sehemu ya njia ya treni ilizama. Lakini daraja la mawe la mwaka 1862, lililo karibu na kijiji cha Kielder, lilihifadhiwa na leo watu hulipitia.

Ukingo wa bonde lililozama

Ugumu wa kweli uko ukingoni. Bwawa ni bonde lililofurika, na kila kijito kilichokuwa kikiteremka kutoka mlimani kimegeuka kuwa mkono wa maji unaoingia nchi kavu. Mpanga njia akifika kwenye mkono kama huo ana chaguo tatu: kuufuata hadi mwisho wake na kurefusha safari, kuuvuka kwa daraja na kutumia fedha nyingi, au kupandisha njia juu ya mlima na kuishusha upande wa pili.

Kielder walichanganya. Lewisburn waliweka daraja linaloning'inia, na kwingineko njia inapanda na kushuka pamoja na ardhi. Matokeo yake ni kwamba hakuna mlima mmoja mrefu, ila kuna vilima vifupi vinavyofuatana. Wanaokimbia Kielder Marathon, iliyoanzishwa mwaka 2010 na bingwa wa zamani wa mbio Steve Cram, hupita njia hiyohiyo na wanaujua ugumu wake. Mwendesha baiskeli ajiandae kwa gia nyepesi, kwa sababu vilima hivyo huchosha kwa wingi wao, si kwa urefu wao.

Tatizo la pili ni kina cha maji, ambacho hubadilika. Bwawa hili ni la kudhibiti mito: maji huachiliwa kwenda mto North Tyne, na yanapohitajika kusini husafirishwa kwa handaki hadi mito Wear na Tees. Maji yakipungua, ukingo hubaki tope tupu, hasa juu ya bonde palipo na kina kifupi. Njia basi lazima ikae juu ya kiwango cha bwawa likijaa. Upande wa juu wahandisi walijenga ukuta mwingine, Bakethin, unaozuia maji yake yasishuke pamoja na ya bwawa kubwa. Ndege wakapata hifadhi, na msafiri akapata maji ya kutazama mahali ambapo pangekuwa na matope.

Uso wa njia na watu wake

Njia imetandikwa mawe madogo yaliyoshindiliwa, na inatumiwa kwa pamoja na waenda kwa miguu, wapanda farasi na waendesha baiskeli. Sehemu nyingi zinapitika pia kwa viti vya magurudumu. Uamuzi huu wa mwisho ndio ninaouheshimu zaidi. Ukijenga kwa ajili ya mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu, huwezi kuweka ngazi wala geti jembamba, na mteremko lazima uupime kwa makini. Mwendesha baiskeli, mzee na mama mwenye kigari cha mtoto wote wananufaika. Mimi ningechagua tairi za upana wa milimita 35 hadi 45, nisizijaze upepo kupita kiasi. Na kengele ni lazima: farasi akishtuliwa kwa nyuma anaweza kumwangusha mpandaji.

Upande usio na duka

Kusini mwa bwawa kuna barabara ya magari, na katika vituo vya Tower Knowe na Kielder Waterside msafiri anapata huduma. Kaskazini, kati ya tuta na kijiji cha Kielder, kuna zaidi ya kilomita 15 zisizo na duka, na simu mara nyingi haishiki mtandao. Hapa sanaa imefanya kazi ya uhandisi. Kibanda cha chuma king'aacho kiitwacho Belvedere kilijengwa mwaka 1999, na Silvas Capitalis, kichwa kikubwa cha mbao ambacho mtu huingia ndani, kilifuata mwaka 2009. Vitu hivi vinaukata umbali vipandevipande na kumpa msafiri sababu ya kupumzika. Pamoja na hayo, upite upande huu asubuhi, ukiwa na chakula, maji, tyubu ya akiba na pampu.

Njia hii pia imeunganishwa na safari ndefu. Reivers Route, inayovuka nchi kati ya Whitehaven na Tynemouth, inapita Kielder. Barabara ya msitu ya Forest Drive, ya kilomita 19, inapanda zaidi ya mita 450 juu ya usawa wa bahari kuelekea barabara kuu ya A68. Mzunguko usio na mlango wa kutokea ni burudani ya siku moja, na milango hii ndiyo inayoufanya wa Kielder kuwa kituo cha msafiri.

Hukumu

Udhaifu upo. Msitu ni shamba la mbao, kwa hiyo ukataji wa miti hufunga njia mara kwa mara. Dhoruba Arwen ya Novemba 2021 iliangusha miti mingi, ikaonyesha hatari ya kutegemea mno aina moja ya mti. Na kwa kuwa reli ilikufa, wageni wengi hufika kwa gari, jambo linalopunguza maana ya njia ya baiskeli.

Hata hivyo kazi hii inafaa kusomwa Afrika Mashariki. Ndakaini, katika Kaunti ya Murang'a, pana bwawa linaloipa Nairobi sehemu kubwa ya maji yake, chini ya msitu wa Aberdare. Mindu, karibu na Morogoro, pana bwawa lililo jirani na milima ya Uluguru. Maji hayo ni ya kunywa, kwa hiyo usafi wa chanzo uje kwanza na njia ikae mbali na ukingo. Lakini hatua ya mwanzo haina gharama kubwa: wenye mamlaka ya maji, misitu na barabara wakae meza moja, waweke ramani zao pamoja, waone ni vipande gani tayari vipo na ni mapengo mangapi yamebaki. Waifanye kazi hiyo kabla hawajaomba fedha za kujenga chochote.