Heysel: mshindi mmoja, kuondoka mara tatu

Hesabu ya Grand Prix ya Brussels ya tarehe 9 Aprili 1961 inaonekana nyepesi kwenye karatasi. Barabara za Heysel, kule ilikosimamishwa Atomium kwa maonyesho ya 1958, zilifungwa zikatoa mzunguko wa kilomita 4.552. Ukizunguka mara 22 umepata kilomita 100 na kidogo. Waandaaji wakataka awamu tatu za namna hiyo, kisha matokeo yote yaunganishwe ndipo mshindi ajulikane.

Kilomita 300, basi, kama Grand Prix fupi. Lakini kwa gari si kitu kimoja.

Gari la mbio huumia zaidi linapoondoka likiwa limesimama. Dereva anaungurumisha injini, anaachia klachi, na kwa nukta chache nguvu yote inapita kwenye giaboksi na ekseli huku tairi zikitafuta pa kushika. Kwa kawaida adhabu hiyo hutolewa mara moja. Heysel ilitolewa mara tatu, na kila mara katikati ya kundi la magari yenye tairi zisizofunikwa, ambazo zikigusana gari huweza kurushwa juu. Ukingo wa barabara ya mjini haukusamehe kosa.

Aliyeshinda ni Jack Brabham, na Cooper yenye injini ya Climax ya silinda nne. Mwaka huo Formula One ilikuwa imeshushwa hadi lita 1.5, kipimo kilekile cha Formula Two iliyopita. Brabham alikuwa ameshinda hapohapo Heysel mwaka 1960, mbio zilipokuwa za Formula Two, kwa hiyo barabara aliijua. Injini nayo ilikuwa na nguvu za farasi 150 hivi. Haikutisha mtu, ila mafundi walishaizoea hadi maradhi yake. Kabla ya kuingia kwenye mbio za magari, Brabham mwenyewe alikuwa fundi wa ndege jeshini Australia.

Mwaka 1962 faida ya injini iliyozoeleka ilijitokeza wazi zaidi. Graham Hill alikuja na BRM ya V8, nao Jim Clark na Stirling Moss walikuwepo na V8 mpya za Climax. Hakuna hata mmoja wao aliyeingia tatu bora. Mbelgiji Willy Mairesse alishinda kwa Ferrari ya V6 iliyokwisha kukimbia msimu wa 1961. Nyuma yake Jo Bonnier na Porsche ya silinda nne, kisha Innes Ireland. V8 hazikuwa mbovu: Hill alimaliza mwaka huohuo akiwa bingwa wa dunia. Zilikuwa bado mbichi. Anayeijua Safari Rally ya 1963, ambako magari 84 yaliondoka na 7 tu yakamaliza, hatashangaa.

Kasoro ya mpango huu wa awamu tatu ilimwangukia mtazamaji. Gari lililo mbele katika awamu ya tatu si lazima liwe linaongoza mashindano, kwa hiyo anayetaka kujua mbio zinakwendaje alihitaji penseli.

Baada ya 1962 Grand Prix hiyo haikurudi. Formula E, mashindano ya magari ya umeme, iliipangia Brussels mbio za tarehe 1 Julai 2017, lakini mahali pa kuziendeshea hapakupatikana, na badala yake Berlin ikaandaa mbio mbili, tarehe 10 na 11 Juni, kwenye uwanja wa ndege wa zamani wa Tempelhof.