Kiswahili cha Kizimbani katika ‘Vioja Mahakamani’

Vipindi vya zamani vya Vioja Mahakamani, ambavyo wengi tulivitazama kwa runinga zisizo na rangi zikiendeshwa kwa betri ya gari, sasa tunavitazama nyumbani kwa rekodi. Ukivirudia, sikiliza lugha. Hakimu anaongea Kiswahili kilichonyooka. Mshtakiwa, awe Ondiek Nyuka Kwota au Masanduku arap Simiti, anakuja na lafudhi ya kwao, nasi twaangua kicheko.

Kicheko hicho kina walakini. Lafudhi inakuwa kama ushahidi: tumeshamhukumu mtu kabla ya shahidi wa kwanza kufungua mdomo. Hapa Nakuru, ambako damu ilimwagika kwa misingi ya ukabila Januari 2008, huo si mzaha mtupu.

Hata hivyo, Ondiek hanyamazi. Sheria yetu ya kesi za jinai inataja Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama Kuu; Kiswahili kimeachiwa mahakama za chini. Kwenye Vioja, mshtakiwa hahitaji mkalimani. Anabishana na hakimu ana kwa ana, na akibanwa, jamaa anatunga uongo mtamu kuliko ushahidi wenyewe. Maneno kama dhamana, kizimba na kiongozi wa mashtaka wengi waliyaokota hapo, wala si darasani.